Stima Ikipotea, Mlango Hufunguka

"Rudia hapo," Inspekta Ednah Rwamba alisema. "Alikuambia nini?"

Mithika alikuwa ameulizwa swali hilo na kila polisi wa Githongo, na kila mara jibu lilimtoka kwa shida zaidi.

"Alisema niwashe stima, madam. 'Mithika, washa stima! Washa stima!' Hivyo tu. Alafu akaanza kukohoa."

"Na hukuwasha."

"Ningewasha aje na mimi ndio nilikuwa nimezima? Nilizima ndio mlango ufunguke. Kila mtu kwa hiyo ofisi anajua, stima ikipotea mlango unafunguka. Nilidhani moshi umemchanganya kichwa. Nikamwambia, sukuma Karambu, sukuma tu, niko hapa."

Akaitazama mikono yake. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, kwa maana alikuwa amevichuna akiuvuta mlango wa chuma uliokuwa umeanza kupata moto.

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyomtia selo. Ofisi ya chama cha akiba cha wakulima wa kahawa ilikuwa na vyumba viwili na ujia katikati: mbele wateja, nyuma hesabu, na kwenye ujia jiko la gesi la kupikia chai. Jumatano mchana gesi ilivuja, ujia wote ukashika moto, na Karambu, karani wa hesabu, akabaki peke yake chumba cha nyuma. Madirisha yalikuwa na vyuma. Njia ilikuwa moja tu, mlango wa chuma wa kutokea uani, ambao kwa juu ulishikwa na kufuli ya sumaku. Mama muuza mayai wa ng'ambo ya ua alimwona Mithika, aliyefanya kazi ofisi hiyo hiyo, akikimbilia boksi la mita na kuzima swichi kubwa. Alimsikia Karambu akilia awashiwe stima. Alimwona Mithika ameng'ang'ana na mlango, mama huyo asijue kama anauvuta au anauzuia. Watu walipobomoa ukuta kwa sululu walimkuta msichana amelala chini, mbele ya mlango. Moto haukumgusa hata unywele. Moshi ndio uliommaliza.

Kesho yake asubuhi, polisi walipofika, mlango ule ule ulifunguka kwa kidole kimoja. Basi wakapiga hesabu yao wakaridhika nayo: stima ilikuwa imezimwa, sumaku isiyo na stima haishiki kitu, kwa hiyo aliyeuzuia mlango ni mtu aliyekuwa nje. Na nje alikuwa Mithika. Tena asubuhi ya siku hiyo alikuwa amegombana na marehemu mbele ya wateja, na hao walikuwa wachumba, kanisa lilishatangaza.

"Mligombania nini?" Rwamba aliuliza.

"Jumapili nilimpigia simu mchana kutwa, hashiki. Nikamuuliza ulikuwa wapi, ananiambia siwezi kukuambia. Karambu! Mtu hajawahi kunificha hata bei ya viatu. Nikasema ni mwanaume." Akafuta pua kwa bandeji. "Akaniambia, Mithika, ningekuambia kama ningeruhusiwa. Ndio nikakasirika zaidi. Aruhusiwe na nani? Hayo ndio maneno ya mwisho mazuri tuliongea, na hayakuwa mazuri."

Rwamba aliandika neno *kuruhusiwa*, akalipigia mstari.

Jumatatu kijana huyu angepandishwa kizimbani Meru. Mwalimu Thuranira, baba yake Karambu, alikuwa amekwisha kuja kituoni kutoka Muthara, akaketi, akaandika taarifa yake kwa mkono wa kushoto, kwa hati safi ya ubaoni, akitaka Mithika ashtakiwe kwa mauaji. Hakulia mbele yao. Aliomba jambo moja, ajulishwe bila kufichwa ni nani aliyemfungia mtoto wake mlango. Kabla ya hapo, alisema, hatamzika.

*

Mlango ule ulimkera Rwamba. Alikulia Ishiara, kwenye nyumba ambazo mlango ukikukataa unaiona sababu: komeo, kufuli, gogo. Huu ulikataa Jumatano bila stima, ukakubali Alhamisi bila stima, na katikati hapakuwa na mkono wa mtu. Wenzake walikimbilia kumtafuta aliyeuzuia. Yeye alitaka kujua ni kitu gani kilichochoka usiku kucha.

Alimwita Ndambiri, fundi wa Embu aliyeifunga kufuli ile. Ndambiri alifika amevaa koti la ngozi, simu mkononi ikiwa tayari na picha za kazi yake.

"Madam, kabla hujaniuliza, mimi kazi yangu ilikuwa safi. Uliza Embu yote."

"Sijakushtaki. Nionyeshe jinsi mtu anavyotoka hapa."

Walisimama chumba cha nyuma, kuta nyeusi, harufu ya plastiki iliyoungua bado imekaa. Ndambiri alionyesha batani ya kijani kando ya mlango.

"Hii sumaku inashika uzito wa dume la ng'ombe, kwa hivyo hatuwezi kuifunga tu hivi hivi. Sheria ya majengo inataka stima ikipotea iachie. King'ora cha moto kikilia iachie. Na mtu wa ndani akibonyeza batani, inakata stima ya sumaku papo hapo, bila kupitia kwa kompyuta wala kwa nani."

"King'ora kiko wapi?"

Ndambiri akakuna shingo. "Hicho meneja alisema tutaweka baadaye."

"Na wewe ukafunga kazi ukaondoka."

"Madam, mteja akikataa..."

"Endelea."

"Lakini hizo zingine mbili ziko! Nilimjaribia meneja mwenyewe. Tulizima, mlango ukaachia. Tukabonyeza, ukaachia."

Rwamba aliutazama mlango, kisha akatazama juu. Mbao za siling upande huu hazikuungua, zilipakwa masizi tu. Lakini ubao mmoja, ule wa juu ya mlango, ulikuwa umekaa vibaya, kama umerudishwa na mtu asiyezoea.

"Ndambiri, kitu kimeshika Jumatano mchana. Kabla ya Alhamisi asubuhi kimeachia, hakijaguswa. Ni kitu gani huisha hivyo?"

"Betri," Ndambiri alisema, na papo hapo akaonekana kujuta.

Alipanda juu ya meza, akausukuma ubao, akaingiza mkono. Alichokitoa kilikuwa betri ya pikipiki, na pamoja nayo kidude cha plastiki kisichozidi kiberiti.

"Hii si yangu! Wallahi, haki ya Mungu, hii si yangu!"

"Shuka. Nieleze ni nini."

Ndambiri alishuka, akakigeuza kidude kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa rilei, alisema, kiswichi kinachojigeuza chenyewe. Stima ikiwepo, sumaku inalishwa na stima. Stima ikipotea kinaruka, tik, sumaku inalishwa na betri.

"Mtu alitaka mlango ubaki umefungwa hata stima ikipotea," Rwamba alisema.

"Hiyo ndio kazi yake. Tena amejua kuifanya. Lakini angalia vile amefunga waya. Mimi natumia konekta. Huyu amezungusha kwa mkono tu."

Rwamba alizichukua nyaya. Pale zilipokutana, shaba ilikuwa imezungushwa kuelekea kushoto, ikabanwa, kisha ncha ikarudishwa chini ya mizunguko na kuvutwa itokee upande wa pili. Nadhifu. Kila kiungo kilikuwa hivyo hivyo.

"Na batani?" aliuliza. "Stima ikiwa imezimwa, betri inashika, mtu wa ndani akibonyeza batani?"

Ndambiri alifuata waya kwa kidole. Akarudia. Uso ulimbadilika, na majivuno yote ya koti la ngozi yakamtoka.

"Batani imebaki upande wa stima," alisema polepole. "Stima ikiwepo, ukibonyeza unatoka. Stima ikizimwa... hapana, madam. Batani inakuwa pambo la ukuta."

Rwamba aliketi kwenye kiti kilichobaki na miguu mitatu mizima na mmoja wa mkaa.

Mithika aliona moshi akiwa uani. Hakupoteza hata dakika, alikimbia akazima swichi, kwa sababu ndivyo mlango ule ulivyofunguka tangu siku ulipowekwa. Karambu hakuwa amefika kwenye batani bado. Kama mchumba wake angekuwa mzembe, angechelewa, angesimama kushika kichwa na kupiga kelele kama wengine, msichana angebonyeza na kutoka. Alipofika akabonyeza, ikakataa. Ndipo akaelewa, ndani ya moshi, jambo ambalo polisi wa kituo kizima hawakulielewa kwa siku tatu.

"Hakuwa amechanganyikiwa," Rwamba alisema. "Alikuwa anampa maagizo."

"Nani, madam?"

Rwamba aliitia rilei na nyaya zake kwenye mfuko wa karatasi. Alimpa mgongo, kwani hakuwa mtu wa kulia mbele ya mashahidi.

*

Naftaly, meneja, alikuwa ameweka meza chini ya mwavuli nje ya ofisi iliyoungua, akiwapokea wakulima kana kwamba ni siku ya kawaida.

"Betri? Betri gani, Inspekta?"

"Iliyokuwa juu ya kichwa cha karani wako."

"Mimi sijui mambo ya mafundi."

"Unajua mambo ya king'ora. Ulikataa kukiweka. Hilo nitalipeleka kwa mwendesha mashtaka hata usipofungua mdomo. Sasa nisaidie kwa hili lingine, kuna kijana selo."

Naftaly alisukuma miwani juu ya paji. Mwezi uliopita, alisema, stima ilipotea jioni, mlango ukajiachia, wezi wakaingia na kumpiga Karambu kwa rungu kichwani. Alilazwa. Aliporudi kazini alikuwa akitetemeka kila taa zikififia.

"Aliniomba ofisi ifanye kitu. Nikamwambia mambo ya ofisi ni ya kamati. Alafu akaniomba ruhusa alete mtu wake siku ya Jumapili, arekebishe mlango bila sisi kusumbuka. Nikampa ufunguo."

"Mtu gani?"

"Sikuuliza."

"Hukujaribu mlango baadaye?"

"Stima haikupotea wiki hiyo, Inspekta. Hata tulikuwa tunawasifu watu wa stima."

Rwamba alimtazama mpaka mzee mmoja mkulima aliyekuwa akingoja akasogea kando kwa aibu ambayo haikuwa yake.

*

Jioni ilikuwa haijaingia alipofika Muthara. Alikwenda kuuliza jambo dogo tu: Karambu alimfahamu fundi gani? Wazazi hujua.

Boma la Mwalimu Thuranira lilikuwa limejaa watu wa matanga. Spika kwenye kibaraza ilicheza nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Celina, mama yake Karambu, alitoka jikoni akiwa amejifunga leso kichwani, akamshika Rwamba mikono yote miwili.

"Karibu, mama. Umekula?"

"Nimekula, Mama Karambu. Pole sana."

"Tutapoa aje sasa. Mwalimu yuko huko nyuma na miraa. Amekataa kupumzika."

Wanaume waliokuja kuomboleza walihitaji miraa ya kutafuna jioni, na Mwalimu alikuwa ameamua kuifunga mwenyewe, ingawa alikuwa mwalimu mstaafu mwenye vijana wa kumfanyia. Aliketi kwenye kigoda kando ya ukuta wa nyumba. Alipomwona Rwamba aliinuka nusu.

"Muga, Inspekta. Keti. Usiniambie mambo ya njiani, niambie moja. Huyo kijana amekubali?"

"Bado, Mwalimu."

"Atakubali. Alimwomba awashe stima akakataa. Mtu anakuomba kwa jina lako." Akavuta kitita kingine cha miraa, akalinganisha vijiti. "Huyu mtoto ana jina la mama yangu, nilimwita mama toka siku alizaliwa. Nikienda shule ananisindikiza mpaka barabarani. 'Soma vizuri,' ananiambia. Ati soma vizuri, na mimi ndio mwalimu."

Alicheka kidogo.

Mikono yake haikusimama. Alichukua ugwe wa mgomba, akauzungusha kwenye kitita kuelekea kushoto, akaubana, akarudisha ncha chini ya mizunguko na kuivuta itokee upande wa pili. Akakiweka chini. Akachukua kingine, akafanya hivyo hivyo.

Rwamba aliyasahau maswali aliyokuja nayo. Angeweza kuinuka wakati ule akarudi Meru, akaandika kwamba fundi hajulikani. Aliliwaza jambo hilo, na wazo lilikuwa tamu. Lakini kulikuwa na kijana mwenye bandeji mikononi aliyelala kwenye saruji.

"Mwalimu ulisomesha somo gani?"

"Fizikia. Miaka yote."

"Na kufunga hivyo ulijifunza wapi?"

"Hii? Kwa baba. Alinicharaza nifunge kulia kama watu, nikashindwa." Akainua macho. "Kwa nini?"

Rwamba alifungua mfuko wa karatasi, akaiweka rilei juu ya goti lake Mwalimu, na nyaya zake.

Mzee aliitambua kabla haijatulia. Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa la fundi, na Rwamba hakulisahau maisha yake yote.

"Ilishika?" aliuliza.

"Ilishika, Mwalimu."

"Nilijua itashika. Nilimwambia hakuna mwizi atamgusa tena." Alitikisa kichwa. "Walimpiga mtoto wangu, Inspekta. Kwa sababu ya mlango unaojifungua wenyewe kama wa mjinga. Na nilimwambia asimwambie mtu yeyote. Wezi walijua mlango utajiachia, nikasema lazima ni mtu wa ndani. Hata huyo Mithika, nilisema, usimwambie..."

Hapo akalisikia neno lake mwenyewe.

Mwalimu aliokota kijiti cha miraa, akainama, akaanza kuchora kwenye udongo. Alichora sumaku. Akachora betri, na rilei katikati, na mstari wa stima ukija kutoka kushoto. Alichora kama anavyochora mtu ambaye darasa zima linamngoja. Kisha kijiti kikatafuta mahali pa batani.

Kilitafuta kwa muda mrefu.

"Sikuigusa batani," alisema. "Niliiacha pale nilipoikuta."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Upande wa stima."

"Ndiyo."

"Huyo kijana akazima kwa sababu hakujua. Hakujua kwa sababu mimi nilisema asiambiwe." Sauti yake ilikuwa bado ya darasani, kavu, ikiendelea hatua kwa hatua kwa kuwa haikujua namna nyingine. "Mama akabonyeza. Ikakataa. Akafikiria. Ndani ya huo moshi alifikiria, Inspekta! Akaona stima ndiyo irudi. Washa stima. Hilo ndilo jibu. Hakuna mwanafunzi wangu mwingine angelipata."

Kijiti kilivunjika. Mwalimu Thuranira aliweka paji la uso juu ya magoti na kulia kwa sauti ya mnyama aliyenaswa. Rwamba aliyekuwa amejizuia kwa Ndambiri na kwa Naftaly hakujizuia tena. Alipiga magoti kwenye udongo kando yake, akamshika bega, akalia naye.

Baadaye alimpigia simu mkuu wa kituo Githongo. Mithika atolewe sasa hivi, alisema, maelezo atayaleta mwenyewe. Na Naftaly asiondoke mjini.

"Mwambie aje hapa," Mwalimu alisema, uso bado magotini. "Mithika. Mwambie aje tuzike naye. Nitamwambia mwenyewe. Na mimi unanipeleka wapi?"

"Sijui bado, Mwalimu. Kuna waliokataa king'ora, kuna waliofunga kazi nusu. Nitaandika yote kama yalivyo."

"Andika na yangu."

"Nitaandika."

Kule sokoni mashine ya kusaga posho iliyokuwa ikivuma tangu Rwamba afike ikanyamaza ghafla. Redio ya jirani ikakatika. Stima ilikuwa imepotea Muthara nzima.

Kwenye ukuta juu ya kigoda kitu kidogo kikalia, tik, na nyimbo kwenye spika ya kibaraza zikaendelea kama kawaida. Mwombolezaji mmoja upande wa mbele alisifu kwa sauti, kwamba kwa Mwalimu giza haliingii.

Mwalimu aliinuka. Alifungua kisanduku cha ukutani, akaitazama rilei iliyomo, pacha wa ile aliyowekewa gotini. Akashika nyaya zake kwa mkono wa kushoto, akazing'oa. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Celina alitokeza pembeni ya nyumba, taulo ya vyombo begani.

"Stima imepotea?"

"Imepotea," Mwalimu alijibu. Alikisogeza kigoda chake, akakipangusa vumbi. "Keti hapa, Mama Karambu. Umekuwa ukiniuliza ni nani alimfungia mtoto mlango."